Lori la jeshi kwenye barabara kuu: kasi kwanza au breki kwanza?

Kwa miaka mingi jeshi la Marekani limekuwa likiyauza kwa mnada malori yaliyomaliza utumishi wake, na wanunuzi wake ni wakulima, wakata magogo, vikosi vya zimamoto vya vijijini, pamoja na watu binafsi wanaotaka gari la kuwafikisha mahali pasipo na barabara. Katika malori hayo, M35A2 lina mashabiki wengi kuliko yote. Ukoo wake ulianza mwaka 1950 katika kiwanda cha kampuni ya magari ya REO, lina ekseli tatu zote zinazovuta, na jeshi lililikadiria kubeba tani mbili na nusu za Kimarekani, yaani kilo 2,268, nje ya barabara, na maradufu ya hapo kwenye lami. Ubishi hauko kwenye uwezo wake porini, kwani huo haupingwi na yeyote anayelijua. Watu wanabishana kama inafaa kulifanyia marekebisho liende mwendo wa barabara kuu, na kama inafaa, yaanzie wapi. Msimamo wangu ni kwamba yanafaa, lakini wengi huyafanya kinyumenyume: fedha ya kwanza huenda kwenye kasi na ya mwisho kwenye breki, na mara nyingi hiyo ya mwisho haipatikani.

Sababu za kulipenda ni za kweli. Injini yake ya lita 7.8 iliundwa kutumia dizeli, mafuta ya taa na hata mafuta ya ndege; haina kompyuta, na fundi mwenye spana na mwongozo wa jeshi anaweza kuishusha na kuirudisha bila kifaa chochote cha kielektroniki. Upungufu wake nao uko wazi. Lori tupu lina uzito wa karibu tani sita, injini inatoa nguvu za farasi 130 na ushee, usukani hauna msaada wa pampu, na mwendo wake wa juu ni kama kilomita 90 kwa saa, huku injini ikilia kwa mizunguko 2,600 kwa dakika. Kwenye barabara ambayo malori ya mizigo yanapita kwa zaidi ya kilomita 100, dereva wa M35A2 hujikuta kikwazo cha msafara mzima, na hilo nalo ni hatari ya kweli.

Ndiyo maana wengi hukimbilia matairi makubwa. Matairi ya awali ya 9.00-20 yana kipenyo cha karibu mita 1.03, yale ya 395/85R20, yanayofungwa kwenye malori ya kizazi kilichofuata, yana mita 1.18. Gia za difu zikiachwa na uwiano wake wa 6.72 kwa 1, kila mzunguko wa gurudumu unalipeleka lori mbele kwa asilimia 14 au 15 zaidi, na kwa mizunguko ileile ya injini mwendo unapanda kutoka kilomita 90 hadi karibu 103. Kwenye mchanga na matope faida huonekana pia. Tairi moja pana likichukua nafasi ya matairi mawili pacha ya nyuma, mawe hayabanwi tena katikati yake, na magurudumu ya nyuma yanapita kwenye mkondo uliokwisha kushindiliwa na yale ya mbele.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa pili usiozungumzwa vya kutosha. Nguvu ya breki inayofika ardhini hupungua kadiri tairi linavyokuwa kubwa, hata kama ngoma inazalisha ileile, na kwa vipimo hivi inapungua kwa karibu asilimia 13. Wakati huohuo nishati ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo kutoka 90 hadi 103 breki zinatakiwa kumeza joto lililozidi kwa asilimia 31 hivi. Mmiliki aliyebadili matairi tu amezidisha kazi na kupunguza nguvu ya kuifanya, kwa siku moja, na huenda asijue mpaka atakapokutana na mteremko mrefu.

Breki zenyewe zinastahili kuangaliwa kwa karibu. M35A2 ina masta silinda moja na mkondo mmoja wa mafuta ya breki unaohudumia magurudumu yote, ukisaidiwa na busta, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu, inayotumia upepo. Mpira mmoja ukipasuka, au silinda ndogo ya gurudumu moja ikivuja, pedali inashuka hadi sakafuni na ekseli zote tatu zinakosa breki kwa pamoja. Busta haiokoi chochote, kwa kuwa inasukuma mafuta ambayo hayapo. Inabaki breki ya mkono, yenye ngoma moja nyuma ya gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, na hiyo ilitengenezwa kulishika lori lililosimama. Magari madogo ya Marekani yalilazimishwa kuwa na mikondo miwili tangu mwaka 1968. Jeshi liliweza kuishi na mkondo mmoja kwa sababu msafara wake ulikwenda taratibu na dereva aliwajibika kulikagua gari kabla ya kila safari. Kuweka masta silinda yenye mikondo miwili na busta mbili ni kazi inayojulikana katika gereji za huko, na gharama yake haikaribii ile ya kubadili injini.

Marekebisho yanayogawa watu zaidi ni kuikata ekseli ya nyuma kabisa na kufupisha chesi. Wanaoyatetea wana hoja: lori linakuwa jepesi, linakata kona kwa urahisi na linapita kati ya miti ambako lile la awali lisingegeuka. Lakini springi za nyuma za M35 zilipangwa kwa ekseli mbili zinazotegemeana, fungu moja kila upande likikaa juu ya mhimili wa katikati na ncha zake kulalia ekseli zote mbili. Ukiondoa moja, mizani yote imeondoka, na usalama unategemea kabisa mikono ya aliyeunda vishikio vipya vya springi. Uwezo wa kubeba nao unaanguka. Kwa mtu wa matembezi ya porini nakubali; kwa mtu wa mizigo, sioni anachokipata.

Vikosi vya zimamoto vijijini vinaonyesha jambo jingine. Kupitia mpango unaosimamiwa na idara ya misitu ya Marekani, vikosi hivi hupata malori ya jeshi na kuyafunga tangi na pampu kwa ajili ya moto wa nyika. Tangi la galoni 1,000 linabeba kilo 3,785 za maji. Kwenye lami lori limo ndani ya kipimo chake. Likiingia porini, huko moto uliko, limekivuka kwa zaidi ya tani moja na nusu, na maji yanayotikisika yanalivuta upande. Hapa kutia tangi dogo zaidi ni marekebisho bora kuliko injini yoyote.

Wapo wanaosema anayetaka barabara kuu anunue M1078, lori la jeshi la kizazi kilichofuata, lililotengenezwa Sealy, Texas, kwa kufuata muundo wa kampuni ya Steyr ya Austria, likiwa na breki za upepo na gia zinazojibadili zenyewe. Nami naelekea huko. Hata hivyo lori hilo nalo lilipata taabu ya kasi: mwaka 1998 jeshi liliyawekea malori ya familia hiyo ukomo wa maili 30 kwa saa, karibu kilomita 48, kwa sababu ya kuvunjika kwa shafti, mpaka yaliporekebishwa. Anayebadili gia za vitovu vya magurudumu ili lipite kilomita 94 za kiwandani hana budi kuanza kwa kuzipima shafti.

Sheria imeacha pengo. Kanuni za shirikisho za usalama hazilihusu gari lililotengenezwa kwa ajili ya majeshi na kuuzwa kwao moja kwa moja kwa masharti ya mkataba, na fomu SF 97, hati ya serikali inayotolewa gari linapouzwa, ndiyo inayomwezesha mnunuzi kuomba kadi ya gari katika jimbo lake. Hamvee, yaani magari madogo ya jeshi, zilizoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2014 zilitolewa kwa matumizi ya nje ya barabara pekee, lakini M35 nyingi ziko barabarani kihalali. Ukaguzi mkali kwa malori yote ungeviumiza vikosi vya vijijini visivyo na bajeti. Ningependelea majimbo yaliache lori lililobaki kama lilivyotoka jeshini, likiwa na kasi yake ya awali, na yalipime breki likiwa na mzigo lile tu lililobadilishiwa kipenyo cha matairi, gia au idadi ya ekseli.