Punguzo lisikuchagulie kamera

Toa kile kifuniko cha mbele cha bodi ya Canon EOS 4000D, uangalie pete inayoshika lenzi. Ni nyeusi, ya plastiki. Fanya hivyo hivyo kwa EOS 2000D iliyo jirani yake kabatini: pete inang'aa, ni ya chuma. Kamera hizi mbili zilitangazwa pamoja Februari 2018. Prosesa yao ni moja, DIGIC 4+, pointi za kufokasi ni tisa kwa zote, na kasi ni ileile ya picha tatu kwa sekunde. Zikiwa zimefungwa lenzi utadhani ni mapacha. Bei ndiyo inayowapeleka watu kwenye 4000D, hasa wiki ambayo imebandikwa karatasi ya ofa. Maoni yangu ni kwamba punguzo la kawaida kwenye kamera ile halifidii vitu vilivyoondolewa ili bei ishuke, na ni rahisi kuyahakiki haya mwenyewe pale pale dukani.

Tuelewane kwanza kuhusu plastiki, maana hapa watu huhukumu vibaya. Karibu kila kamera ya bei ya chini ina gamba la plastiki ngumu, polikaboneti, na hilo si kasoro. Ni jepesi, halishiki kutu, na likigongwa halibonyei. Kuigonga bodi kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji hakukuambii kitu. Swali la maana ni wapi kamera inabeba uzito, na wapi kitu kinasuguana na kitu kila siku. Majibu ni machache: pete ya lenzi, mlango wa betri, gurudumu la kuchagulia modi, bawaba ya flashi, na matundu ya waya.

Pete ndiyo kubwa kuliko yote. Lenzi ya 18-55 mm inayokuja na 4000D nayo ina kitako cha plastiki na ni nyepesi, kwa hiyo plastiki inasugua plastiki na hakuna ugomvi. Ugomvi huanza pale mtu anapoongeza lenzi ya pili, ambayo mara nyingi ni ile EF 50 mm f/1.8 STM. Ni ndogo, gramu 160 tu, lakini kitako chake ni cha chuma. Ukibadilisha lenzi kila wiki, chuma kinakwangua plastiki kidogo kidogo. Unga unaotoka huangukia kwenye chumba cha kioo nyuma ya lenzi, na baadaye unaishia kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha. Halafu kuna suala la kipimo. Kwa mfumo wa EF, yaani wa lenzi hizi za Canon, umbali kutoka usoni mwa pete hadi kwenye sensa ni milimita 44, na unatakiwa uwe sawasawa pande zote. Upande mmoja ukilika au ukipinda, upande huo wa picha unakuwa na ukungu na hutajua umlaumu nani. Ukining'iniza 70-200 mm f/2.8 ya karibu kilo moja na nusu kwenye pete ya plastiki huku umeshika bodi peke yake, unaomba ufa.

Haki itendeke pia: kama mtu hatatoa lenzi aliyopewa hata siku moja, pete ya plastiki itadumu kuliko hamu yake ya kupiga picha. Ila mtu wa namna hiyo, kwa kweli, simu yake inamtosha.

Mengine yaliyoondolewa kwenye 4000D ni madogo yakihesabiwa moja moja. Haina swichi ya kuwashia. Unazungusha gurudumu la modi hadi kwenye neno OFF, kwa hiyo sehemu moja inafanya kazi ya mbili na inachakaa mara mbili. Flashi haijitokezi yenyewe, unaiinua kwa kucha. Dirisha la kuchungulia halina kirekebisho cha macho, basi mwenye miwani asiivue. Skrini ni ya inchi 2.7 yenye nukta 230,000, wakati ile ya 2000D ina inchi 3 na nukta 920,000. Hili la skrini usilipuuze. Kwenye skrini ya nukta 230,000 huwezi kuona kama macho ya bibi harusi yamefokasi au la mpaka ufike nyumbani ufungue kompyuta, na wakati huo harusi imekwisha.

Sasa lipo tego ambalo linaigusa hata 2000D, na wauzaji wengi hawalitaji. Tazama kiatu cha flashi juu ya kamera. Kwenye kamera nyingi utaona katikati kitufe kidogo cha chuma, cha duara. Kwenye 4000D na 2000D hakipo. Kile ndicho kinachoziwasha flashi za bei nafuu zenye mguso mmoja pamoja na rimoti nyingi za taa za studio. Fundi wa picha za pasipoti anayetegemea rimoti ya kawaida atabonyeza, shata italia, taa zitabaki kimya. Namna ya kukwepa ipo: tumia flashi ya kamera yenyewe kuziamsha taa zenye jicho la kupokea mwanga, mradi ziwe na modi ya S2 inayopuuza mmweko wa kwanza wa kupimia. Bila S2, taa zitawaka mapema na picha itatoka giza. Kama kazi yako ni studio, huo mguso wa katikati una thamani kuliko megapikseli sita ambazo 2000D inaizidi 4000D.

Nikon D3500, nayo ya 2018, ina pete ya chuma na kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, hutoa picha 1,550 kwa chaji moja, huku Canon hizi mbili zikitoa 500. Ila bodi yake haina mota ya kufokasi. Lenzi za zamani za AF-D utazizungusha kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S au AF-P, zenye mota yake ndani.

Turudi kwenye hela. Punguzo linakuja kwa sura tatu, na thamani zake hazilingani. La kwanza ni la papo hapo: bei inashuka kwenye risiti, umemaliza. La pili ni la kurejeshewa, wanaloliita keshibaki: unalipa bei nzima leo, unadai baadaye. La tatu ni la vifaa: bei haishuki, unaongezewa begi, stendi, memori kadi na vikorokoro vingine.

La kurejeshewa limezoeleka zaidi Marekani na Ulaya, na linawahusu sana ndugu wanaonunua huko ili watume nyumbani. Kwa ule mtindo wa Marekani wa kutuma kwa posta, unajaza fomu, unaambatanisha nakala ya risiti, unakata msimbopau halisi kutoka kwenye boksi, na bahasha iwe na mhuri wa posta kabla ya siku iliyoandikwa. Kisha unasubiri wiki sita, nane, pengine zaidi. Kinachokuja ni hundi yenye tarehe ya mwisho au kadi ya malipo. Kampuni zinajua fika kwamba sehemu ya wanunuzi watasahau, watachelewa, au watatuma nakala badala ya kipande halisi. Ofa imepangwa juu ya usahaulifu huo.

Piga hesabu hii. Tuseme kamera A inauzwa dola 480 na keshibaki ya dola 80, kamera B inauzwa 430 bila ofa, na kodi ya mauzo ni asilimia 8. Kwa tangazo, A ni dola 400 na inaishinda B kwa dola 30. Lakini kodi ya A inatozwa juu ya 480, kwa hiyo unatoa 518.40, ukirejeshewa 80 umebaki na 438.40. B inakugharimu 464.40. Tofauti imeshuka hadi dola 26. Sasa jiulize kwa uaminifu kama utakata, utanakili na kutuma kwa wakati. Ukijipa nafasi tatu kati ya nne, keshibaki ile ina thamani ya dola 60, si 80, na faida ya A inabaki dola sita. Stempu na nakala zinakula humo humo. Kama A ndiyo yenye pete ya plastiki, umeuza pete ya chuma kwa bei ya chapati na chai.

Ulaya mara nyingi unadai mtandaoni kwa picha ya risiti na namba iliyobandikwa chini ya bodi. Masharti ya kusoma kwa makini ni matatu: duka liwe wakala anayetambuliwa na kampuni, mdai awe mkazi wa nchi husika, na ununuzi uwe ndani ya tarehe za ofa. Kamera iliyopitishwa Dubai ikauzwa London na duka lisilotambuliwa haina keshibaki, na huenda waranti yake haifanyi kazi hapo. Anayemnunulia mdogo wake wa Tanga adai mwenyewe, kwa jina lake na akaunti yake, kabla ya kukabidhi boksi kwa msafiri. Ajue pia kwamba waranti nyingi zimefungwa kwa eneo. Kamera ikifa Tanga, kuna uwezekano mkubwa irudi ilikonunuliwa.

Kariakoo au katikati ya Nairobi utakutana zaidi na sura ya tatu, na kwa sehemu kubwa ni danganya toto. Zile lenzi mbili za kuongezea mbele, ya "upana" na ya "mbali", zinazofungwa kwenye uzi wa milimita 58, zinaharibu picha pembeni. Baya zaidi, kwenye 18-55 mm ya toleo la III pua ya lenzi huzunguka inapofokasi, kwa hiyo umeipa mota ndogo mzigo ambao haikutengenezewa. Stendi nyepesi ya bure ikiiangusha kamera chini, umelipia. Memori kadi ndiyo ya kuogopwa: nyingine zimeandikwa GB 64 na ndani zina nane. Ijaze na uisome yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Kwa kadi inayoandika MB 20 kwa sekunde, kuijaza GB 64 ni karibu saa nzima. Afadhali mwambie muuzaji aondoe vikorokoro vyote apunguze bei, au akupe betri halisi ya LP-E10. Na hakikisha lenzi iko ndani ya boksi lile lile la kamera. Lenzi ya kwenye boksi jeupe imetolewa kwenye seti nyingine.

Kuna mahali ambapo punguzo na ubora wa kamera vinagongana uso kwa uso: ukishakata msimbopau, duka linaweza kukataa kuipokea kamera likisema boksi si kamili. Kwa hiyo mkasi usubiri. Siku ya kwanza, bandika kurasa za gazeti ukutani, moja katikati na nne kwenye kona. Weka kamera kwenye stendi ikiutazama ukuta sambamba kabisa, lenzi kwenye 18 mm, f/3.5 (tundu la lenzi wazi kabisa), ISO 100, taima ya sekunde mbili. Ikuze picha kwenye kompyuta ulinganishe kona kwa kona, si kona na katikati. Kona zote zikiwa laini kidogo, ni kawaida ya lenzi hizi. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu safi, vioo vya lenzi vimekaa upande au pete imepinda; irudishe. Kisha weka f/22 (tundu dogo), ondoa fokasi, piga ukuta mweupe huku ukiitikisa kamera: alama zisizosogea kutoka picha hadi picha ni uchafu kwenye sensa. Funika lenzi, piga kwa 1/60 ya sekunde: nukta inayowaka ni pikseli mbovu. Shika lenzi uitikise. Kuzunguka kwa unywele ni kwa sababu ya pini ya kufungia, si tatizo. Kupanda na kushuka ni tatizo. Fungua na funga mlango wa betri mara ishirini, inua flashi mara kumi. Vikipita vyote, nakili kila karatasi, piga picha boksi lote, ndipo ukate.

Mimi ningempa mwanafunzi hela ya 4000D mpya, ningemwelekeza kwenye Canon 700D iliyotumika. Ni ya 2013, sensa yake nayo ni ya megapikseli 18, lakini pete ni ya chuma, kiatu kina mguso wa katikati, skrini inageuka na inaguswa, na ina tundu la maikrofoni ambalo 4000D na 2000D hazina. Mwombe fundi asome idadi ya shata, yaani kamera imepiga picha ngapi, kwa waya wa USB, maana Canon za daraja hili haziiandiki ndani ya picha kama Nikon. Geuza skrini pande zote ikiwa imewashwa. Ikikatika katika pembe fulani, utepe wa waya ndani umechoka. Na weka akiba ya betri mpya ya LP-E8, kwa sababu ile itakayokuja nayo inaweza kuwa na umri wa kamera yenyewe.