Mgongo unahitaji kazi, si mkanda wa kutwa

Makala niliyoisoma kuhusu maumivu ya kiuno inaeleza vizuri kwamba misuli dhaifu ya kiwiliwili huweza kuchangia maumivu sugu ya kiuno, yaani yale yanayodumu zaidi ya miezi 3, ila inapohimiza kuvaa kutwa nzima mkanda wa kiuno wa kuushikilia mgongo ndipo ninapotofautiana nayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza mazoezi yenye mpangilio, na unashauri mikanda hiyo isiwe tiba ya kawaida.

Zoezi nililoanzishiwa na mtaalamu wa fiziotherapia lilionekana la kitoto: unapiga magoti na kuegemea viganja, kisha unanyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, unahesabu hadi 8 huku ukipumua, bila kuuacha mgongo ubonyee wala nyonga ipinduke upande. Siku ya kwanza, kufikia hesabu ya 5, nilitetemeka kama mwenye homa, nami nilikuwa nikijiona mkakamavu!

Hata hivyo, hakuna zoezi moja lililothibitika kuyashinda mengine yote, na hata kutembea kwa miguu husaidia, mradi mtu aongeze kiasi pole pole na asikatishe kwa sababu ya maumivu madogo ya wiki za mwanzo. Anayepata ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kuzuia mkojo au ambaye mguu wake unalegea ghafla asifanye mazoezi yoyote, bali aende hospitalini siku hiyo hiyo.