Shemeji, Rudisha Rimoti

Kuna watu hawafai kuangalia nao filamu. Juzi shemeji yangu kaisimamisha filamu ya Titanic pale pale meli imeshazama, Rose yuko juu ya ubao na mpenzi wake Jack anatetemeka majini, akaanza kutupigia hesabu: nafasi ipo, wangebanana, huyo binti mchoyo tu. Dada yangu alikuwa analia. Machozi yakakata.

Shemeji, heshima yako, lakini ubishi huu una umri wa filamu yenyewe, tangu 1997. Umemchosha mpaka James Cameron, mwongozaji wa filamu hiyo, ambaye mwaka 2023 alionyesha majaribio aliyoyafanya kwa kuwatumbukiza watu wawili kwenye maji ya baridi na ubao wao. Jibu likawa: ikitokea hivi Jack anaweza kupona, ikitokea vile anakufa. Haya, tumefaidika nini? Halafu wapiga kelele wenyewe hawakuangalia vizuri. Jack anajaribu kupanda! Ubao unalala upande, Rose anarudi majini, basi kijana anaacha. Huyu ni mtu aliyeipata tiketi ya meli kwenye kamari, maisha yake yote ni kubahatisha, na hapo kwa mara ya kwanza anakataa kucheza kwa sababu kilichowekwa mezani ni roho ya mwenzake. Hicho ndicho kinacholiza. Upana wa ubao waachieni mafundi seremala.

Na kasoro nyingine mnazozihesabu, kama risasi za steringi zisizoisha? Tumekua nazo, zimetulea.

Kasoro za filamu za upelelezi nakubali zihesabiwe, shingo upande. Ukinipa kazi ya kumtafuta muuaji, usinifiche ushahidi. Ingawa hata The Big Sleep, filamu ya upelelezi ya 1946, ina dereva aliyekufa, na inasimuliwa kwamba Raymond Chandler, mwenye riwaya, alipoulizwa nani kamuua alisema hata yeye hajui. Watu wanaiangalia hadi leo.

Kinachoniudhi mimi ni mtu kugeuka bila sababu. Mnamjua yule mama mkwe wa filamu zetu: sehemu ya kwanza nzima anamnyanyasa mke wa mwanawe, anamwagia mboga, anamwita tasa mbele ya wageni. Dakika tano za mwisho, kapiga magoti sebuleni, "nisamehe mwanangu", muziki wa kinanda, majina yanapanda. Nini kimembadilisha? Hakuna. Hapo hesabu zote zimekaa sawa, na shemeji hana swali hata moja. Mimi ndiyo nataka nirudishiwe hela yangu.