Je, Uhakika wa Fadhili za Mungu Huzaa Uzembe?

Ukifundisha kwamba aliye mkononi mwa Kristo hapokonywi, utajibiwa mara moja: basi watu watatenda dhambi watakavyo. Paulo mwenyewe alirushiwa hoja hiyo, akaijibu katika Warumi 6 kwa neno moja: Hasha! Bado haikufa. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformati uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 na 1619, iliwakatalia wafuasi wa mwanateolojia Arminius, waliosema muumini wa kweli anaweza kuanguka, lakini mjadala haikuufunga.

Wanaoonya wana andiko zito. Waebrania 6 inawataja watu waliopewa nuru, wakakionja kipawa cha mbinguni, kisha wakaanguka. Kusema kwamba hao hawakuwa waamini wa kweli naona ni jibu jepesi, aliyeonja ameonja.

Ila wanakosea wanapodhani uhakika ni ruhusa. Mtazame Petro. Katika Luka 22 Yesu anamwambia amekwisha kumwombea imani yake isitindike, na kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Jogoo hajawika bado! Kosa halijatendwa, na kazi ya baada ya kosa imeshapangwa. Petro alipokana mara ya 3, Bwana aligeuka akamtazama, naye akatoka nje akalia kwa uchungu. Aliyepewa ruhusa halii hivyo.

Anayeogopa kufukuzwa ndiye anayeficha. Yuko muumini anayeokoka upya kila mkutano wa injili. Mbele anakwenda, machozi yanamtoka, lakini anatubu kwa jumla tu. Dhambi anayoijua kwa jina haitamki, maana akiitamka atakuwa amejitangaza kuwa yuko nje. Hofu hiyo tunaiita utakatifu.

Zaburi 89 haiondoi fimbo: wana wakiziacha amri watapigwa, ila fadhili hazitaondolewa. Kibarua akikosa huachishwa kazi. Mwana akikosa hurudiwa, na usiku analala nyumbani. Na Zaburi 136 inarudia kwamba fadhili zake ni za milele katika kila aya, zote 26. Nadhani waimbaji wale walikuwa wasahaulifu kama sisi.

Nitaulizwa habari za Yuda. Naye alijuta, tena alikiri waziwazi kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha. Lakini aliwapelekea makuhani, nao wakamwambia hayo si yao, ayaangalie mwenyewe.