Vidonge vya silikoni: mwili unaihitaji, lakini je, chupa inahitajika?

Silikoni ni elementi ya pili kwa wingi katika gamba la dunia, baada ya oksijeni. Imejaa kwenye majabali ya Mwanza na kwenye mchanga wa fukwe zake. Ndiyo maana mtu wa Igoma au Kirumba anayekutana na tangazo la vidonge vya silikoni, vinavyoahidi mifupa imara, kucha ngumu na nywele nzito, ana haki ya kuuliza: kitu kilichotuzunguka namna hii, mwili utakikosaje?

Wanaovitetea hawakuokota hoja zao hewani. Mwaka 1970 mtafiti wa Marekani, Edith Carlisle, alionyesha kuwa silikoni hukusanyika kwenye mifupa michanga ya panya, pale hasa mfupa unapoanza kushika madini. Mwaka 1972 akaonyesha kwamba vifaranga walionyimwa silikoni walidumaa. Kisha mwaka 2004 ukachapishwa uchunguzi wa watu 2,847 wa Framingham, Marekani. Wanaume, na wanawake ambao hawajakoma hedhi, waliopata zaidi ya miligramu 40 za silikoni kwa siku walikuwa na mifupa ya nyonga iliyoshiba madini kuliko waliopata chini ya 14.

Ila silikoni hiyo ilitoka kwenye chakula, na uchunguzi wa aina hii hauwezi kutenganisha kabisa silikoni na mambo mengine mema yanayokuja na chakula hicho. Zaidi ya hapo, kwa wanawake waliokwisha koma hedhi tofauti hiyo haikuonekana wazi. Na hao ndio mifupa inawasumbua zaidi, na ndio matangazo yanayowalenga.

Vidonge vyenyewe vimepimwa, ingawa kwa watu wachache. Mwaka 2005 wanawake 50 wenye ngozi ya uso iliyoharibiwa na jua walishiriki jaribio la wiki 20, wengine wakipewa miligramu 10 za silikoni kwa siku, wengine kidonge kitupu. Waliopata silikoni ngozi yao ililainika kidogo, na kucha na nywele zao zikapungua kukatika. Kwa hiyo jirani anayesema kucha zake zimekuwa bora simwiti mwongo.

Jaribio la mifupa la mwaka 2008 ndilo lililonipa picha kamili. Wanawake 136 walilimaliza, wote wakipewa kalisiamu na vitamini D kwa mwaka mzima, baadhi wakiongezewa silikoni. Kipimo cha damu kinachoonyesha ujenzi wa mfupa kilipanda kwa waliopata dozi kubwa. Lakini uti wa mgongo wao, ulipopimwa, haukuwa umeongeza madini kuliko wa wenzao. Dalili njema imepatikana, mfupa imara bado. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia madai ya silikoni kuhusu mifupa, viungo, ngozi, nywele na kucha, ikaamua kwamba uhusiano haujathibitishwa. Hadi leo Marekani haijaweka kiwango cha silikoni ambacho mtu anapaswa kukipata kwa siku.

Sahani ya Kanda ya Ziwa inastahili kutajwa kabla ya chupa. Kwenye nafaka, silikoni nyingi hukaa kwenye pumba, kwa hiyo anayekula dona, ulezi au mtama usiokobolewa anaipata kuliko mla sembe nyeupe. Maharage machanga ya kijani yanayo pia. Ndizi zina silikoni nyingi, ila mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Maji huibeba katika umbo linalofyonzwa vizuri, lakini Ziwa Victoria lenyewe limepungukiwa: kati ya miaka ya 1960 na 1990 silikoni iliyoyeyuka katika maji yake ilishuka takribani mara kumi, kwa kuwa mbolea na majitaka yalirutubisha mwani uitwao diatomu, unaojenga maganda yake kwa silikoni na kuzama nayo. Hilo halinipi sababu ya kununua vidonge, maana chakula bado ndicho chanzo kikubwa. Na kwa mama anayehofia mifupa yake, dagaa wanaoliwa na miba yao wanampa kalisiamu, ambayo faida yake kwa mfupa ina ushahidi mzito zaidi. Fedha ikiwa chache, ningempeleka soko la samaki la Mwaloni kwanza.

Kuna hatari moja inayoniuma zaidi: mtu kudhani kwamba silikoni ni silikoni tu. Vumbi la mawe, analovuta mponda kokoto au mchimbaji wa dhahabu Geita, ni silika ya fuwele, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni. Hukwaruza na kukakamaza mapafu, huongeza hatari ya kifua kikuu, na tangu 1997 imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Udongo unaoliwa na wajawazito nao una silikoni, lakini imefungwa kwenye mfinyanzi, na udongo wa maeneo ya migodi unaweza kuja na arseniki, ambayo ni sumu.

Kwa mtu mwenye afya, dozi ndogo za vidonge hazijaonyesha madhara makubwa. Mwenye ugonjwa wa figo ni mwingine kabisa, kwa sababu silikoni hutoka kwa njia ya mkojo, na figo zikishindwa hujikusanya mwilini. Huyo asianze bila kumwona daktari, na muuzaji asiyemuuliza mteja habari za figo hafai kumshauri. Aliyeamua kununua asome lebo: itaje asidi ya othosilisiki, ambayo ndiyo umbo linalofyonzwa, na miligramu za silikoni yenyewe. Lebo inayotaja tu uzito wa unga wa mmea uliotengenezewa kidonge haimwambii anameza silikoni kiasi gani.