Ng'ombe wa nani huyu?

Kwetu Shinyanga, ukikuta ng'ombe njiani peke yake unauliza swali moja tu: wa nani huyu? Jibu hupatikana kabla jua halijazama. Marehemu baba aliwajua wake kwa rangi, kwa pembe, hata kwa mlio. Mwaka wa saba sasa naishi Jaipur, India, na huku swali hilo halina wa kulijibu.

Jirani yangu ni mama wa Kihindu, rika la mama yangu mzazi. Kila asubuhi chapati ya kwanza kutoka jikoni kwake hailiwi na mtu. Anatoka nayo nje, anampa ng'ombe, anamgusa paji la uso, kisha anagusa lake. Mwanzoni niliona ajabu. Siku hizi namheshimu sana kwa hilo, maana anachofanya kinatoka moyoni.

Lakini ng'ombe huyohuyo akivuka barabara anaingia jalalani. Siku moja nilimsogelea. Mbavu zinahesabika, na alikuwa akitafuna mabaki ya wali pamoja na mfuko wake wa plastiki, kwa sababu aliyeutupa aliufunga fundo. Huko Chennai mwaka 2019 madaktari wa mifugo walimpasua ng'ombe mmoja wakatoa kilo 52 za uchafu, nyingi plastiki. Huyu wetu sikio la kushoto lilikuwa limechanika hadi ukingoni. Hapo huvalishwa hereni ya njano yenye tarakimu 12, ili mnyama ajulikane. Jirani aliponiona natazama akasema, "Wenyewe wameing'oa ili asirudishwe kwao."

Sensa ya mifugo ya 2019 ilihesabu ng'ombe wa mitaani wapatao milioni 5 India nzima, na jimbo hili la Rajasthan likaongoza kwa zaidi ya milioni 1.2. Wengi walikuwa na zizi. Trekta limechukua kazi ya maksai, uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa mrija, umepunguza haja ya madume, na jike aliyekauka maziwa anakula bila kuingiza kitu. Kuchinja kumepigwa marufuku na sheria ya jimbo ya 1995, hata kama ni dume mzee. Kusafirisha nako ni hatari. Mwaka 2017 Pehlu Khan, mfugaji wa maziwa, alinunua ng'ombe hapa Jaipur. Alipofika wilaya ya Alwar kundi la watu lililomshuku kuwa anawapeleka kuchinjwa lilimpiga, akafa. Mfugaji maskini afanye nini? Usiku anafungua zizi.

Sisi nyumbani tunachinja, na sidai kwamba tuna huruma kuliko wao. Nimeona malori yakiingia mnada wa Pugu, ng'ombe wamebanana, pembe ya huyu jichoni mwa yule, na hilo linaniuma hadi leo. Ila tangu kuzaliwa hadi siku ya kisu, kuna mtu anayejua kama ng'ombe wake amekunywa maji leo.

Ndugu zangu huniambia, si wawachinje tu! Hapana. Ile ni imani ya watu, na hatuna haki ya kuikanyaga. Ninachosema ni kwamba sheria imemkinga ng'ombe na kisu, haijamkinga na kufukuzwa. Jimbo la Uttar Pradesh humlipa anayemchukua ng'ombe wa mtaani rupia 50 kwa siku. Ni jambo jema, lakini linakuja mnyama ameshateseka. Pesa ya namna hiyo ingemfikia mfugaji siku jike linapokauka maziwa, wengi wasingetolewa. Gaushala, yale makazi ya ng'ombe waliotupwa, hufanya kazi kubwa. Hiyo niendayo Jumapili imejaa vipofu na waliogongwa na magari, na bado wanaletwa.

Kwa wenzangu mnaosoma au kufanya kazi huku: maganda na mabaki msiyafunge kwenye mfuko. Yamwageni wazi kwenye beseni nje ya geti, na pembeni muweke maji. Joto la Mei linafika nyuzi 45.