Pembe au Bibi: Akili Mnemba Mlangoni mwa Hifadhi za Nyaraka

Tangu programu za akili mnemba zianze kusoma miandiko ya mkono, wahifadhi nyaraka na wakutubi wetu wamekuwa wakiulizwa kwa sauti ya lawama: mbona hamjaanza, mnaogopa nini, hamwoni wenzenu wamefika wapi? Lawama hiyo ina msingi, nami nitaueleza. Lakini naona wanaosita wanasikilizwa nusu nusu, na kwa kuwa hawana mazoea ya kubishana hadharani, kusita kwao kumechukuliwa kuwa ni woga wa kompyuta tu.

Msingi wa lawama ni huu. Tanzania ina makusanyo mawili katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia: majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam, yaliyoingizwa mwaka 1997, na maandishi na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar, vilivyoingizwa mwaka 2003. Karatasi zinazeeka, unyevu na chumvi ya bahari havisubiri bajeti, na wanaoweza kuzisoma wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi wa Kigoma anayetaka kuchunguza kodi ya nyumba ya mwaka 1898 hana nauli wala fedha za kukaa Dar es Salaam mwezi mzima akifunua jalada moja baada ya jingine. Anayesema tusubiri hana budi kukubali kwamba kusubiri nako kuna hasara yake.

Ila mashine haisomi kila mwandiko sawasawa, na hapo ndipo pananikosesha raha. Transkribus, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria, inausoma vizuri sana mwandiko wa kale wa Kijerumani uitwao Kurrent, kwa sababu hifadhi za Ulaya zimeilisha kurasa nyingi mno zilizokwisha kunukuliwa na watu. Kiswahili cha herufi za Kiarabu hakijapata lishe ya namna hiyo, na chenyewe ni kigumu kwa asili. Kiarabu hakina p, wala e, wala o. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja, ب, kwa b, kwa p na kwa mb. Matokeo yake, neno “pembe” na neno “bibi” yaweza kuandikwa kwa herufi zile zile.

Chukua barua ya mfanyabiashara wa karne ya 19 anayearifu kwamba amepakia pembe ishirini jahazini. Mzee aliyesoma chuo cha Kurani ataangalia bei, ataona uzito umetajwa kwa frasila, na hatakuwa na shaka kwamba ni meno ya tembo. Mashine itaelekea kuchagua neno linalojitokeza zaidi katika Kiswahili ilicholishwa, na sina shaka kubwa kwamba litakuwa bibi. Katika pwani ambayo watu nao walipakiwa majahazini, kosa hilo halichekeshi. Mtafiti aliye mbali, asiyejua herufi za Kiarabu na aliyepewa maandishi safi ya kompyuta bila picha ya barua, anaweza kujenga juu yake sura nzima ya tasnifu.

Tena kosa linaloonekana lina nafuu. Mtu akiandika neno katika kisanduku cha kutafutia, hupata kile kilichosomwa, na hudhani ndicho kilichopo. Tukiwasha mfumo leo, afisa wa wilaya wa Kijerumani ataitika mara moja. Akida au jumbe aliyemwandikia kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, atabaki kimya ndani ya jalada lile lile. Katika orodha za zamani mtumiaji angalau alijua kuna bunda ambalo hajalifungua. Kisanduku hakimwambii.

Liko pia suala la majina. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilizaa makaratasi: nani aliomba uhuru wake, nani alilipwa fidia kwa kumpoteza. Wajukuu na vitukuu wa pande zote mbili ni majirani hadi leo, na wengine wameoana. Jalada linalotolewa kwa mtu aliyekwenda, akajaza fomu na kueleza anachotafuta, si sawa na jina linalojitokeza kwenye simu ya mtu yeyote siku ya posa. Hata hivyo kitukuu wa aliyeachwa huru ana haki ya kumjua babu yake, na mara nyingi ndiye asiye na uwezo wa kusafiri. Hoja hii inanipa tabu kuliko zote za upande wa pili, na sidhani kwamba fomu peke yake inaijibu.

Ukiwasikiliza vizuri hao wanaosita, wengi hawakatai. Wanataka picha ya waraka isitenganishwe na maandishi yake. Ukurasa uliosomwa na mashine bila kuhakikiwa na mtu uandikwe hivyo waziwazi. Na mkataba useme nakala zinabaki kwa nani na zinaweza kutumika kufunzia nini. Zaidi ya hayo wanataka wasomaji walipwe. Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa bado wapo watu wanaosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu bila kusitasita. Kuifunza Transkribus mwandiko wa mtu mmoja, huanzwa kwa maneno 5,000 hadi 15,000 yaliyonukuliwa kwa usahihi. Kwa mzee anayeujua mwandiko huo hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, ingawa miandiko ni mingi na kila karani alikuwa na mkono wake. Mradi ukija na skana na seva lakini bila fungu la kumlipa mzee huyo, mhifadhi anayekataa kutia saini ana sababu.